Ngoma Moja kwa Mstari Mmoja

Niliacha shule darasa la tatu, na hakuna aliyenifukuza. Lilipita kundi la ng'ombe likielekea Mwanhuzi, nikataka kujua linaishia wapi. Baada ya Mwanhuzi nikataka kujua samaki wa Lamadi wanakaushwaje. Ndivyo miaka ya hamsini ilivyonikuta, kijana asiye na makao, mwenye maswali mengi. Msimu mmoja wa pamba nikafika Kasoli, nikaingia katika kundi la vijana waliolima kwa mapigo ya ngoma, shamba baada ya shamba.

Kanisa la pale lilikuwa na darasa la Kiingereza la watu wazima, jioni baada ya kazi. Nililitamani kuliko chakula. Lakini mwalimu alipokea waliomaliza darasa la nne tu.

"Wewe ni mtu wa njiani," aliniambia. "Nikikupa kiti leo, kesho utakuwa Musoma."

Nikawa nasikiliza nje ya dirisha, na kesho yake nayarudia masomo huku nikilima. Mwishowe nikamwomba anipime. Alikubali kwa sababu nilimchosha: Jumamosi angeandika sentensi mbovu ubaoni nami nizisahihishe. Nikishindwa, nisionekane tena hata dirishani.

Nilimwambia kiongozi wa kundi letu, nsumba ntale kama tulivyomwita, kwamba siku hiyo sitalima, nakwenda kupimwa na mwalimu. Nilisahau kwamba mtu wa kundi haendi mashindanoni peke yake. Jumamosi nikageuka njiani, nikawaona wote nyuma yangu, majembe begani, pamoja na ngoma.

"Bhabha, haya si mashindano," nikamsihi nsumba ntale. "Ni mtihani."

"Kuna kushinda na kushindwa?"

"Kuna."

"Basi tembea."

Mwalimu aliwazuia mlangoni, wakajaa madirishani. Sentensi za kwanza nilizinyoosha bila shida. Ya mwisho ilikuwa hii: "Although the rain was heavy, but the farmers go to the field yesterday." Yaani, ingawa mvua ilikuwa kubwa, lakini wakulima wanakwenda shambani jana. Nilijua imeoza, ila sikuona ilipoozea. Nikasimama na chaki mkononi.

Shambani, mlimaji akisimama katikati ya mstari, mpiga ngoma humpigia yeye mpaka jembe liinuke. Basi ngoma ikalia dirishani.

"Nyamazeni!" mwalimu akafoka. "Mnampoteza!"

"Tunamwamsha, Mwalimu," akajibu nsumba ntale.

Kwenye dirisha la pili mwingine akaona ngoma moja haitoshi, akaanza kugonga ndoo, mapigo yake mbali na ya mwenzake.

"Acha ndoo, wewe!" nsumba ntale akamkemea. "Unataka majembe yagongane?"

Nikacheka. Mstari mmoja hulimwa kwa ngoma moja. Nikautazama ubao upya: "although" ilikuwa ngoma, na "but" ilikuwa ndoo. Nikaifuta "but". Kisha nikaona jembe moja limetoka mstarini: mvua ilikuwa ya jana, wakulima wanakwenda leo. Nikafuta "go", nikaandika "went". Sasa wote walikuwa jana, bega kwa bega.

Mwalimu aliisoma sentensi mara ya pili.

"Nani alikufundisha?"

"Wewe, Mwalimu. Pale dirishani."

"Na hawa?"

"Na hawa."

Akanisogezea kiti. "Kaa. Ngoma ibaki nje."

Haikubaki nje. Ilirudi barabarani, na vijana wakacheza na majembe yao mpaka sokoni, wakiwaambia akina mama wa mchele kwamba kundi letu limelima Kiingereza.

Kiti kile nilikikalia misimu miwili, mimi ambaye sikuwahi kukaa mahali hata msimu mmoja. Na kila mwanafunzi alipobandika viunganishi viwili panapotosha kimoja, mwalimu aligonga meza na kuuliza, "Ngoma ngapi?"

Darasa zima, hata wasiowahi kushika jembe, lilimjibu: "Moja!"