Dawa ya Nywele Iliyovuka Mpaka

Msusi huyu alikuwa na mkono mwepesi, na alilijua hilo, maana wateja walimwambia na yeye hakuwa mtu wa kukataa sifa. Ndiyo maana alichomwa moyo siku kichwa cha wifi yake kilipobabuka. Dawa ya kulainisha nywele aliyompaka, msusi aliinunua mtandaoni, kutoka nchi ambayo hata jina lake lilimshinda kulitamka. Wifi alijifunga kilemba, akautangazia ukoo mzima kwamba kababuliwa makusudi, na tangu hapo hakukanyaga saluni wala nyumbani kwa kaka yake.

Neno hilo lilimnyima msusi usingizi. Akajipaka dawa iliyobaki mkononi mwake mwenyewe, akangoja. Ngozi ikavimba, ikachubuka. Akafunga saluni, akaenda ofisi ya kulinda wanunuzi, akapandisha mkono wa gauni.

"Dada, nani alikuambia ujichome?" afisa aliuliza.

"Nilitaka kujua kosa ni langu au la dawa."

Afisa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliupiga picha mkono pamoja na kopo. "Muuzaji yuko nje, sisi hatumfikii. Ila huko kuna wenzetu wa kazi hii hii, na tumekubaliana kusaidiana. Nitawaandikia."

Msusi aliondoka akicheka kimoyomoyo. Watu wasiomjua waache shughuli zao kwa ajili ya kichwa cha wifi? Akarudi kusuka, akajisingizia kusahau.

Hata siku moja simu ikaita; ni yule afisa. Wakaguzi wa nchi ile walikuwa wameingia ghalani kwa muuzaji, wakaipima dawa, wakakuta ni kali kupita kiasi. Makopo yamezuiwa, duka la mtandaoni limefungwa, na kila aliyenunua, popote alipo, ameandikiwa asiitumie. Afisa akamtumia tangazo lenyewe, la lugha asiyoijua hata herufi zake. Juu kabisa palikuwa na picha ya mkono. Aliutambua kwa kovu la pasi la utotoni.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Mkono wake, ambao yeye mwenyewe hajawahi kuuvusha mpaka wowote, ulikuwa unawaonya watu asioweza kuwahesabu. Alistaajabu mpaka akaogopa kidogo.

Akamtumia wifi tangazo lile, pamoja na aliyoelezwa na afisa.

Kesho yake wifi aliingia saluni, akalitazama baka la dawa mkononi mwa msusi. "Kumbe ulijichoma kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya jina langu. Wewe si ulikuwa unanitangaza?"

Wifi alikaa, akafungua kilemba. "Haya, suka. Nilitangaza mwenyewe, nitatangua mwenyewe."