Tanuru la Nyuma ya Mibuni

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu huko Mbozi, nyuma ya shamba letu la kahawa kulikuwa na tanuru la udongo ambamo mababu wa baba walikuwa wakiyeyushia chuma. Juu lilikwisha kubomoka, nyasi zimeota, na mgeni angeapa ni kichuguu. Bibi, mama yake baba, hakupita pale na viatu. Alivua ndala, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama anayemsalimu mkwe.

"Halijafa hilo," alituambia. "Linapumua. Atakayelivunja, jiko la nyumba yake halitawaka tena."

Baba alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa kahawa, na maneno hayo yalimchosha. Miche yake ilikuwa tayari kwenye viriba, na alitaka kuipanda palepale penye tanuru. Akasema Jumamosi analisawazisha. Bibi hakubishana naye, aliacha kula tu. Mimi niliogopa yote mawili, jiko kuzimika na bibi kufa njaa.

Wiki ileile mwalimu wetu alitupeleka Ndolezi kukiona Kimondo. Nilikuwa nikikisikia tangu nizaliwe, lakini kusikia si kuona. Lile pande jeusi la chuma lililoanguka kutoka mbinguni lilitunyamazisha hata sisi watundu. Niliweka kiganja, nikakuta baridi, nikahisi nimeshika kitu kisichonijua kabisa.

"Nani ana mahali pa kale kijijini," mwalimu akauliza, "tukapalinganishe na hapa?"

Nikanyoosha mkono, nikataja tanuru letu. Wenzangu wakacheka.

"Mwalimu, kile ni kichuguu," akasema Lusajo, mtoto wa jirani.

Mwalimu hakucheka. Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mibuni, alileta darasa zima shambani kwetu. Baba alikuwepo, jembe begani, akipima mistari ya miche yake ya kesho. Bibi alituambia sote tuvue viatu, na mwalimu naye akavua. Kisha bibi akanionyesha tundu chini ya tanuru, mojawapo ya yale yaliyoingiza upepo enzi za moto.

"Weka mkono, mjukuu wangu."

Niliweka. Katika baridi ile ya kwetu inayouma vidole, pumzi ya vuguvugu ilinigusa kiganjani. Mwili ulinisisimka mpaka utosini. Wenzangu wakaweka mikono mmoja mmoja, na hakuna aliyecheka tena.

"Haya," mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "pana tofauti gani na kule?"

Lusajo ndiye aliyejibu. "Kule chuma kilikuja chenyewe. Hapa watu walikitengeneza."

"Watu gani?"

Lusajo akamtazama baba. "Babu zake huyu."

Baba akalaza jembe chini, akapiga magoti, akatia mkono tunduni, akakaa hivyo muda mrefu kuliko yeyote kati yetu. Mchana ule bibi alikula ugali wake wote, akaomba mboga tena.

Ukubwani nimeelezwa kwamba udongo hutunza joto, kwamba shimo lolote lenye kina hutoa hewa ya vuguvugu asubuhi ya baridi. Nakubali, na bado mwili unanisisimka nikikumbuka. Kimondo nilikistaajabia kama mtu anavyostaajabia nyota. Pale shambani nilistaajabia watu wangu, jambo ambalo sikujua linawezekana.

Sasa nafundisha shule huko Mpemba. Msimu uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu Ndolezi, kisha nyumbani. Mistari ya mibuni ya baba bado inapinda kulizunguka tanuru. Ukimuuliza atakuambia haamini mambo ya mizimu, na kweli haamini. Tulimkuta akipalilia kando ya tanuru, mzee wa watu, miguu imejaa udongo. Gambuti zake alikuwa ameziacha njiani.