Jani Linaweza Kufanya Nini

Bwana miti alileta miche ya mikaratusi nyuma ya Landrova, akatukusanya mbele ya ofisi ya kijiji, akatangaza: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukapiga makofi. Siku zile tulipiga makofi kwa kila kitu. Tulipiga hata siku tulipoambiwa tuache nyumba zetu na migomba yetu, tuje kupangwa kwa mistari katika kijiji cha ujamaa karibu na Mbuba, kama madawati darasani.

Mkaratusi ni mti wenye majivuno. Hauna tunda, kivuli chake hakimsitiri hata mbuzi, na gome lake linabanduka hovyo, lakini unasimama wima kana kwamba umetumwa kutukagua. Ulikua haraka, na hilo lilimtosha bwana miti. Yeye alipima maendeleo kwa shingo: kadiri alivyolazimika kuinua kichwa, ndivyo sisi tulivyokuwa tumeendelea. Alikuwa haangalii chini. Chini hapakuota kitu. Mgagani, mboga inayojiotea yenyewe hata jalalani bila kualikwa na mtu, ulifika karibu na miti ile ukakoma. Wazee walisema mti unakunywa maji yote. Kunywa ulikunywa kweli, lakini kiu haikuwa tabia yake mbaya peke yake.

Vita vya Kagera vilipoanza, baba alichukuliwa pamoja na wanamgambo wenzake. Kabla ya kupanda lori alimwambia mama neno moja tu, wala halikuhusu vita: "Mbegu isikatike."

Alikuwa na maana ya maharage yetu, madogo meusi yenye jicho jeupe, aliyoachiwa na mama yake. Tulihama nayo kibuyuni, yamechanganywa na majivu yasiliwe na wadudu. Wengine waliokuwa nayo walishayapoteza katika kuhamahama. Yalibaki kwetu tu.

Sasa, sisi ni watu wa migomba. Kwetu ardhi iliyo wazi ni aibu. Lazima uifunike kwa nyasi, la sivyo watu watasema shamba lako halina mwenyewe. Lakini kijijini nyasi zilikuwa zimekwisha, kwa kuwa tulirundikwa wengi mahali pamoja na kila mtu alifyeka palepale. Mama akatazama chini ya mikaratusi, akaona majani makavu yamejaa hadi kifundo cha mguu. Kwa mtu wa migomba, jani lililoanguka ni chakula cha shamba, hakuna la kujadili. Akachukua nusu ya mbegu, akapanda, na mimi nikamsaidia kubeba yale majani na kuyatandaza juu ya mistari. Shamba zima likanuka kama chumba cha mgonjwa anayejifukiza mafua. Mwenyekiti wa kijiji alipita akatusifu.

Mvua ikanyesha, majani yakalowa, na kilichokuwa ndani yake kikashuka taratibu hadi kwenye mbegu. Leo wajukuu zangu wanalieleza jambo hilo kwa sentensi moja: iko mimea inayotoa sumu yake udongoni ili majirani wasiote. Sisi hatukuwa na sentensi hiyo. Tulikuwa na maharage machache yaliyochungulia yakiwa ya manjano, yenye vimizizi vifupi vya kahawia, yakafa udongo ungali na unyevu.

Bwana miti alipokuja kukagua miti yake, mama alimwita shambani, naye akaja na mwenyekiti. Bwana miti aling'oa mche mmoja, akauzungusha vidoleni.

"Mbegu imechoka," akasema.

"Imechoka kabisa," mwenyekiti akadakia. "Mbegu ya kikoroni hiyo."

Nawachukia hadi leo kwa neno hilo. Maharage ya bibi yangu yakawa ya kikoloni, na mkaratusi, ulioletwa na wakoloni wenyewe, ukawa maendeleo!

"Labda ni haya majani, bwana," mama alisema.

Bwana miti alicheka. "Mama, jani linaweza kufanya nini?"

Mama akaamini. Angefanyaje? Mbegu iliyochoka ukiipanda umetupa chakula, na sisi tulikuwa na njaa. Akayaosha majivu maharage yaliyobaki, akayapika, tukayala kwa chumvi. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Maji ya kuoshea aliyamwaga nyuma ya jiko, na punje chache zikaponyoka nayo.

Zikaota. Zikaota nene, za kijani, zikapanda juu ya ukuta wa jiko. Mama alipoziona alikaa chini mavumbini akasema, "Haikuchoka," kisha akamtukana bwana miti kwa Kihangaza, matusi ambayo sitayatafsiri kwa sababu Kiswahili hakiyatoshi. Tangu hapo aliyalinda yale mashina machache dhidi ya kuku, mbuzi na mwenyekiti.

Yalikuwa na maua baba aliporudi. Kijiji kizima kilimlaki kwa vigelegele na matawi mabichi, na matawi yaliyokuwa karibu ni ya mkaratusi, basi wakayapunga wee, wakachoka, wakayatupa uani kwetu na kwenda zao.

Asubuhi baba aliamka mapema. Aliona maharage ya mama yake yamesimama kwenye udongo mtupu, akaona aibu kwa niaba yetu. Mama alipotoka alimkuta amepiga magoti nyuma ya jiko, akiyafunika mashina kwa matawi yale, taratibu, kwa upendo mtupu.

Mama alipiga yowe. Akamsukuma mwanajeshi wake kando, akaanza kuokota jani moja moja.

Baba alibaki na tawi mkononi. "Mama watoto, una nini? Jani linaweza kufanya nini?"

Mama akacheka kicheko kibaya, mikono yake ikiendelea kuokota. Kisha akamwambia aketi ili amweleze nusu moja ya kibuyu ilifia wapi, na nusu ya pili tuliila kwa nini.