Siku Niliyoshindana na Mkono wa Chuma

Ipo siku moja ya ujana wangu ambayo haijanitoka, mwanangu, na tangu uniambie umepata kazi kwenye mtambo wa kuchimba gesi baharini, imenirudia kama ya juzi. Unanung'unika kwamba wanakupeleka kwanza ukajifunze kuendesha mashine, wakati wewe unataka kazi ya nguvu. Kaa basi nikusimulie.

Nilitoka hapa Ikuti nimezoea kupandisha mikungu ya ndizi mlimani kwenye mvua. Kule baharini, kwenye mtambo kama huo wako, nikapangwa mahali wanapoteremsha mabomba ya chuma kwenye kisima. Bomba moja linaipita nyumba hii kwa urefu. Lilining'inia kwenye waya, nasi tukilisukuma kwa mabega mpaka likae juu ya lenzake, kisha tukilikaza kwa makoleo makubwa. Chini utelezi wa tope na mafuta. Nilikuwa hodari, nikasifiwa, na sifa zikanilevya.

Aliyenifundisha kazi ni kaka Ambakisye, mtu wa Kyimo, aliyenizidi umri.

Ndipo ikaletwa mashine: mkono mrefu wa chuma unaoshika bomba na kulipeleka mahali pake, ukiendeshwa na mtu aliyeketi kwenye chumba cha vioo. Tukaambiwa mstari mwekundu usivukwe mashine ikiwa kazini. Kaka Ambakisye alifurahi. Mimi nilinuna, maana niliona kama nimeambiwa sina kazi tena.

Asubuhi moja ule mkono ukasita, bomba likabaki hewani. Wenzangu wakangoja. Mimi nikavuka mstari nikaanza kulisukuma, ili waone kwamba bado wananihitaji. Mashine ikaanza kwenda tena, nami sina habari. Kaka Ambakisye akanivuta kwa ukosi wa ovaroli. Mimi nikatoka salama. Mkono wake wa pili ukabanwa kati ya bomba na nguzo. Alipoteza vidole viwili.

Nilikwenda kumwona hospitalini na maneno mengi ya kuomba radhi, lakini yeye akatangulia kusema.

"Ulikuwa unamwonyesha nani?" akaniuliza.

Nikatazama bendeji ya mkono wake.

"Mimi nina watoto Kyimo," akasema taratibu. "Mashine ile ilipokuja nilimshukuru Mungu, kwa sababu kila siku nilikuwa naogopa. Na wewe ulikuwa unaogopa, ila uliona aibu kusema."

Alisema kweli, mwanangu. Niliogopa tangu siku ya kwanza.

Alipopona aliomba afundishwe kuendesha ule mkono wa chuma. Vidole vilivyobaki vilimtosha. Akawa fundi kuliko wote, kisha akaniita nikae kando yake nijifunze. Miaka yote niliyofanya kazi pale baada ya hapo, sikuona mtu mwingine akiumizwa na bomba. Siku hizi ana wajukuu, na tukikutana Tukuyu siku ya soko bado ananitania kwa kununa kwangu.

Kwa hiyo nenda ukajifunze hiyo mashine kwa moyo wote. Usione haya kuketi penye usalama, maana kazi ni kazi hata kama haikutoi jasho. Ukiogopa, sema. Ukiambiwa usivuke mstari, usivuke, hata kama wote wanakutazama. Nguvu zako tunazihitaji hapa nyumbani pia, kwa miaka mingi.

Mungu akutangulie huko majini, akupe wenzako wema, na akurudishe kwetu mzima. Ndaga, asante kwa kunisikiliza, mwanangu. Nenda salama.