Karani Anayevuna Simu Kila Asubuhi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, theluji nyepesi inaanguka kwenye maegesho ya Sekondari ya Petit Coude, na mlango wa mbele umeshafunguliwa. Odile Theriault, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, amesimama nyuma ya meza ya mapokezi, koti bado mabegani. Ubavuni mwake pana kabati la mbao lenye mlango wa waya na vijumba mia mbili na arobaini, kila kimoja upana wa kiganja.

Wanafunzi wanaingia wakikung'uta viatu. Mmoja mmoja wanamkabidhi simu iliyozimwa sauti, imefungwa kwa mpira, na chini ya mpira kuna tiketi ya karatasi ngumu yenye namba.

"Matante, niachie mpaka kengele," anasihi kijana mmoja wa darasa la kumi na moja. "Naangalia saa tu."

"Saa iko ukutani. Ina mishale miwili na haijawahi kuishiwa chaji."

"Leo umeamkia upande gani?"

"Upande wa kazi. Weka."

Anaweka. Nyuma yake foleni inacheka. Kufikia saa mbili kasorobo kabati limejaa, na Odile analifunga kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Simu hazitatoka humo hadi saa nane na robo mchana.

Hapa bondeni, karibu na Quebec, kila mtu anamwita Matante, yaani shangazi kwa Kifaransa, hata wazee waliosoma naye. Ni karani wa shule hii kwa mwaka wa kumi na tisa. Analipwa dola kumi na saba na senti arobaini kwa saa, na kati ya Juni na Agosti halipwi kitu, kwa hiyo huuza ploye, zile chapati za njano zenye vitundu, kwenye soko la Jumamosi.

Tiketi zile hakuzibuni. Ni za viazi. Kila Septemba shule za huku hufungwa wiki tatu ili vijana waingie mashambani, na ingawa siku hizi mashine huvuna sehemu kubwa, wapo wakulima ambao bado huokota kwa mkono. Muokotaji akijaza pipa huliwekea tiketi yenye namba yake, na jioni mwenye shamba anajua nani kafanya nini.

"Nimeokota tangu nina miaka saba," anasema Odile. "Katika miaka yote hiyo sijaona pipa likipotea. Nikajiuliza, kama tunaweza kutunza viazi hivyo, simu zinatushinda nini?"

Lakini sababu ya kuzitaka simu zile kabatini ni nyingine.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Februari, mume wake, Normand, aliyekuwa akiendesha lori la magogo, alipinduka kwenye mteremko wenye barafu, akafariki. Ilikuwa saa saba na nusu mchana. Waliomfikia kwanza walikuwa wenzake wa kazi. Mmoja alimpigia mkewe, mkewe akamwambia dada yake, na dada yake ana mtoto shuleni.

Binti wa Odile, Mireille, alikuwa kwenye somo la historia. Simu ikatikisika mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa msichana aliyekaa madawati mawili nyuma yake: "Pole sana kwa baba yako. Siamini."

Mireille alinyanyuka bila ruhusa, akatembea hadi mapokezi, akasimama mbele ya meza hii hii.

"Akaniuliza, 'Mama, baba kafanyaje?'" anakumbuka Odile. "Nikamwambia baba yako yuko kazini. Akanionyesha simu. Mtoto wangu ndiye aliyeniletea habari ya mume wangu, na yeye mwenyewe alikuwa haijui. Polisi aliyetumwa kunieleza alikuwa bado njiani, anaendesha polepole kwa ajili ya barafu."

Anapanga kalamu mezani.

"Sikumchukia yule msichana. Alitaka kusema pole. Pole ilitangulia msiba, basi."

Ilimchukua miaka mitatu kulisema mbele ya watu. Msimu uliopita wa kiangazi alisimama mbele ya bodi ya shule, watu watano na chupa zao za maji, akaomba simu zikusanywe kwa tiketi za viazi, mchana kutwa. Kila mzazi mwenye neno kwa mwanawe angepiga mapokezi, na yeye Odile angelipeleka neno hilo kwa miguu yake.

Aliyempinga kwa nguvu alikuwa Gilman Pelletier, mkulima wa viazi wa barabara ya juu, aliyekusanya saini mia moja na thelathini na moja.

"Tangu lini simu ya mwanangu ikawa pipa la viazi?" alimuuliza ukumbini.

"Pipa la viazi angalau halipigi kelele darasani," Odile akajibu, na watu wakacheka.

Gilman hakucheka. Anamlea binti yake, Danica, akisaidiwa na bibi wa mtoto tu, mama mzazi wa Gilman mwenyewe. "Nikiwa shambani na jambo limempata mwanangu, nataka kumsikia yeye," alisema. "Sitaki kumsikia karani. Na siku ya hatari je?"

Odile alimjibu kwamba kila darasa lina simu ukutani. Hakuona kama jibu hilo lilimtosha. "Na mimi lisingenitosha," anakiri leo. "Ni baba. Alikuwa na haki ya kuogopa."

Bodi ikaamua kwa namna yake: majaribio ya siku thelathini za masomo baada ya mavuno. Kila ujumbe wa mzazi umfikie mwanafunzi ndani ya dakika kumi. Ucheleweshaji ukifika mara tatu, simu zinarudi mifukoni na suala linafungwa. Odile aandike mwenyewe kila kitu kwenye daftari: saa ya kupokea, saa ya kufikisha, na sababu ya kuchelewa; bodi italisoma siku thelathini zikiisha.

Siku ya kwanza tu, aliteleza.

Aliwaambia wanafunzi waje na namba zao za shambani, wasisumbuke kujifunza mpya. Hakuna aliyeona kasoro, si mwalimu mkuu, si bodi, si wazazi. Mtu aliyezaliwa kwingine angeiona papo hapo. Huku, familia nzima huokota kwa namba moja, mapipa yao yahesabiwe pamoja. Asubuhi ile, Wapelletier watatu wa shule waliingia wote na namba arobaini na saba.

Saa tano Gilman akapiga: Danica atoke, ana miadi kwa daktari wa meno. Odile akaandika kikaratasi, "Pelletier, 47", akaangalia ratiba ya aliyesajiliwa kwa namba hiyo, akakipeleka. Dakika tatu. Alirudi mezani akijisifu.

Aliyetoka nje alikuwa Corinne, binti wa kaka yake Gilman. Aliingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akasema, "Ba'mdogo, mbona meno yangu hayaumi?"

Gilman alirudi mapokezi uso umemwiva. "Nimemwita binti yangu, naletewa binti wa kaka yangu. Kesho utanipa wa jirani?"

Danica alipatikana baada ya dakika ishirini na tano. Odile akaandika: ucheleweshaji wa kwanza. Jioni ile alikaa na penseli za rangi akitia alama tiketi zote, kijani, nyekundu, buluu, ili namba moja ikiwa na watoto watatu, wasichanganyike.

Ucheleweshaji wa pili ulikuja siku ya tisa. Darasa la michezo lilikuwa limehamia uwanja wa nyuma bila kutoa taarifa, na ujumbe ukachukua dakika kumi na nne.

Zilibaki siku ishirini na moja, na nafasi ya kukosea ikawa imekwisha.

"Nilianza kuvaa viatu vya kukimbilia," anasema. Mwalimu wa kemia, Bw. Ouellette, anasema aliweza kumjua kwa hatua. "Tukimsikia koridoni, wanafunzi walikuwa wanapiga makofi ya mwendo. Kuna siku alipita kwangu mara sita. Nikamwambia, Matante, leta kitanda."

Ujumbe ulikuwa wa kila namna. Ng'ombe katoka zizini. Usisahau mkufu wa bibi. Mjomba kafika kutoka Quebec. Siku moja mama mmoja alipiga kumwambia mwanawe kwamba hajakasirika tena, na Odile akaupeleka huo pia, dakika nne.

Kwenye ukumbi wa chakula, kelele iliongezeka. Wapishi ndio walioona kwanza: watoto walikuwa wanazungumza.

Siku ya ishirini na sita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, simu ya mapokezi ililia.

"Odile." Ilikuwa sauti ya Gilman. "Mama amekwenda. Sasa hivi."

"Pole, Gilman."

"Usimwambie Danica. Nakuomba. Nataka aisikie kwangu. Nipo hospitalini, barabara inateleza."

"Endesha polepole. Yuko kwangu."

Akaandika saa kwenye daftari. Dakika kumi za bodi zilianza kuhesabika.

Angeweza kupeleka kikaratasi chenye neno lolote, "baba yako anakuja", akajiokoa. Hakufanya hivyo. Msichana wa miaka kumi na sita akiambiwa baba anakuja katikati ya asubuhi, na bibi yake yuko hospitalini, ameshaambiwa yote. Odile alikwenda hadi nje ya darasa la Bw. Ouellette, akachungulia kwenye kioo. Danica alikuwa amevaa miwani ya kemia, anacheka na mwenzake. Odile akarudi mezani.

Hapo ndipo kabati lilipoanza kuwaka.

Kwanza kijumba kimoja, kisha viwili, kisha safu nzima ya katikati. Nusu ya bonde ni ndugu, na bibi yule aliwafundisha watu wengi kushona. Vioo vilikuwa vinawaka na kuzimika bila sauti nyuma ya waya wa mlango. Arobaini na saba ya kijani, simu ya Danica, iliwaka mara kumi na moja. Odile alifungua, akaigeuza kifudifudi, akafunga tena.

"Nilikaa nikaitazama habari inavyokuja, inagonga mbao, inarudi," anasema. "Darasani walikuwa wanachemsha chumvi."

Gilman aliingia saa tano kasoro dakika tano, theluji kwenye nyusi. Odile alimleta Danica mwenyewe. Hapakuwa na mahali pa faragha. Chumba pekee kilichokuwa wazi ni stoo ya viti, karibu na ofisi ya muuguzi, na humo ndimo baba alimwambia mwanawe, wamesimama katikati ya viti vilivyopandana hadi darini. Odile alisimama nje ya mlango, akawazuia watu kupita.

Kisha akarudi kwenye daftari: imepokelewa saa nne na dakika kumi na mbili, imefikishwa saa tano kasoro dakika tano. Dakika arobaini na tatu. Ucheleweshaji wa tatu. Mahali pa sababu akapaacha wazi.

"Wangeweza kusema naandika visingizio vya kujiokoa," anasema. "Na msiba ulikuwa wa Gilman. Sikuwa na ruhusa ya kuutumia."

Mkutano wa bodi ulifanyika baada ya siku ya thelathini, kwenye ukumbi wa mazoezi, watu zaidi ya mia mbili. Mwenyekiti, Bi. Jeannine Saucier, alisoma: ujumbe mia tatu na kumi na nane, uliofika kwa wakati, mia tatu na kumi na tano. Kisha akavua miwani.

"Hapa pana ucheleweshaji wa tatu, Matante. Dakika arobaini na tatu. Sababu haikuandikwa."

"Haikuandikwa, mwenyekiti."

"Una la kusema?"

"Sababu si yangu kuisema."

Ukumbi ulinong'ona. Masharti yalikuwa masharti, na kila aliyekuwepo alijua kuhesabu hadi tatu. Mireille, aliyekuja kutoka chuoni anakosomea uuguzi, alimshika mama yake mkono chini ya meza.

Gilman Pelletier alinyanyuka nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Hizo dakika ni zangu," alisema. "Nilimwomba azishike, akazishika. Siku ile mama yangu alipofariki, simu ya binti yangu ilipokea ujumbe kumi na mmoja. Ningekuwa nimeshinda mimi na saini zangu, angeusoma wote kumi na mmoja mbele ya watu, mimi niko barabarani." Akaigeuza kofia. "Yale majina mia moja na thelathini na moja, la kwanza ni langu. Lifuteni. Wengine watajisemea."

Bi. Saucier akamuuliza Danica, aliyekaa kando ya baba yake, kama ana neno.

"Nilisikia kwa baba," alisema Danica. "Alikuwa ameshanishika."

Kura zilikuwa nne kwa moja. Simu zitakaa kabatini, mwaka huu na miaka inayofuata, na ujumbe ambao mzazi anataka kuufikisha mwenyewe hautahesabiwa tena kuwa umechelewa. Watu walipiga makofi, vijana waliokuwa wakilalamika kila asubuhi wakagonga mbao za viti kwa miguu hadi taa zikatikisika. Yule aliyekuwa akitaka kuangalia saa alipiga mluzi.

"Kesho saa moja na dakika kumi," Odile alimwambia akipita. "Usichelewe."

Shule mbili za jirani zimeshaomba kuja kuona tiketi zake. Atawapokea, anasema, na atawaonya kuhusu namba za familia. Lakini akili yake iko kwenye stoo ile ya viti. Usiku ule ule wa kura aliiomba bodi impe, na ikampa. Wikiendi mbili sasa, yeye na Gilman wamekuwa wakihamisha viti kwenda ghalani kwa gari la viazi. Ukuta wa mashariki utatobolewa dirisha. Rangi ameshainunua, ya maziwa.

"Nataka meza ndogo, maji, na viti viwili," anasema, akipima sakafu kwa hatua zake. "Kimoja cha mwenye habari, kimoja cha wa kuipokea. Mimi sihitaji. Nitakuwa nje, mlangoni."