Baba Alipokaa Jukwaani

Leo lori limefunga breki ghafla mbele yangu huko Eagan, mji wa ugenini ninakoishi sasa, na harufu ya mpira ulioungua imenirudisha kwenye uwanja wa mbio za magari, nikiwa mtoto, nimebanwa katikati ya baba na mama.

Kwa miaka mingi baba ndiye aliyeendesha. Mgongo ulipomshinda, alianzisha timu yake, akaajiri fundi, na usukani akampa baba mdogo. Siku ile alikaa jukwaani kwa mara ya kwanza, redio ya kuongea na dereva mkononi, goti halitulii.

"Punguza kwenye kona, mdogo wangu. Punguza!"

Gari la nyuma likamgonga. Gari letu likazunguka, likabamiza ukuta, na moshi ukalifunika. Uwanja mzima ulisimama. Baba aliita kwenye redio, akaita tena. Kimya. Vidole vyake vikazama begani mwangu.

"Baba, unaniumiza," nilimwambia. Hakunisikia.

Hatimaye mkono ukatokea dirishani, kisha kichwa, kisha baba mdogo mzima, akichechemea kuelekea kwenye nyasi huku akitupungia.

Baba akaketi kama mzigo uliotuliwa. Mama, aliyekuwa akija pale kila Jumamosi kumtazama yeye akiendesha, alimpangusa jasho kwa ncha ya khanga.

"Leo hofu umeionja tu, baba watoto," alisema taratibu. "Mimi nimeila miaka yote."

Redio ikakwaruza. "Kaka, gari linatengenezeka. Jumamosi narudi."

Baba alimtazama mama, kisha akamkabidhi redio ajibu yeye.