Kitenzi cha Bao Moja

Kabla hajaingia gazetini, Bi Kamusi alikuwa akifasiri vikaratasi vya dawa za kikohozi, na huko hakukuwa na mshindi wala mshinde. Kazi hiyo ilipokwisha akapata nyingine kwenye dawati la michezo, kufasiri habari za mpira zinazoingia kwa Kiingereza. Kiingereza alikijua ndani nje. Mpira ndio hakuujua, hata ule wa makaratasi.

Wiki ya kwanza ilimtoa jasho. Kuna neno lao, "edge", ambalo maana yake ni ukingo, lakini hulifanya kitenzi timu inaposhinda kwa tofauti ya unywele. Bi Kamusi akaandika kwamba wageni wamewasukuma wenyeji ukingoni, na wasomaji wakauliza ni wangapi walioumia. Kisha kikaja "whitewash", yaani kumshinda mtu mechi zote asiambulie kitu. Akaandika, bila wasiwasi wowote, kwamba mabingwa wamewapaka wapinzani chokaa. Siku hiyo simu ya chumba cha habari haikupumzika. Mzee mmoja alitaka kujua ni uwanja gani unaokarabatiwa, maana yeye ni fundi rangi na kwa sasa hana kazi.

Aibu ilimwingia, lakini hakuwa mtu wa kulala nayo. Alichukua kadi ngumu akavipanga vitenzi kwa uzito, kama muuza duka anavyopanga mawe ya mizani. Bao moja: kupenya, kupiku, kushinda kwa mbinde. Mawili: kulaza. Matatu: kuchapa, kunyuka. Kuanzia manne ndipo alipofungulia mbwa: kugaragaza, kubamiza, kusambaratisha. Akaibandika kadi kando ya kompyuta, na makosa yakaisha.

Tabu iliyobaki ilikuwa bosi wake, mhariri wa michezo, ambaye ofisi nzima ilimwita Shabiki. Alikuwa na timu yake, nayo kwake haikujua kushinda kidogo. Ikipata bao moja la penalti, Shabiki hufuta "yapenya" akaweka "yasambaratisha". Ikifungwa matano, huandika kwamba "imeteleza". Bi Kamusi aliwahi kumuuliza mtu anatelezaje mara tano katika dakika tisini. Akajibiwa kwamba uwanja ulikuwa umelowa.

Shabiki alikuwa pia bingwa wa drafti pale kantini, na kila ushindi wake aliutangaza mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, kwa herufi kubwa. Mchana mmoja mpinzani wake wa kila siku, mpiga picha, alikuwa safarini. Shabiki akamwita Bi Kamusi akae, akimwahidi kwamba atamfundisha polepole.

Hakujua kwamba mama huyu alikuwa amelelewa na kaka yake, fundi viatu, aliyecheza drafti kwa vizibo vya soda huku wateja wakisubiri soli zao. Hata hivyo haikuwa lelemama. Shabiki alijua mchezo, na chai ya Bi Kamusi ilipoa bila kuguswa. Mwishowe yeye alibakiwa na kete moja. Shabiki hakuwa na hata hiyo moja.

Saa nane karatasi ilikuwa ubaoni: MFASIRI AMSAMBARATISHA MHARIRI. Chini yake, kwa herufi ndogo na za kweli kabisa: kete moja kwa bila.

Watu walisoma, wakarudi na wenzao wakasoma tena. Shabiki aliing'oa karatasi akaenda nayo moja kwa moja kwa mhariri mkuu, mama mkimya asiyependa kelele, na Bi Kamusi akafuata nyuma taratibu.

"Hii ni habari ya uongo, mama," Shabiki alisema. "Kete moja si kusambaratisha. Ni kushinda kwa mbinde."

Mhariri mkuu akavua miwani. "Una hakika?"

"Kabisa. Anayejua Kiswahili chake anajua hivyo."

"Basi iwe kanuni ya dawati lako. Iandike, utie sahihi."

Bi Kamusi, aliyesimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba bosi asijisumbue kuandika, kwani imekwisha kuandikwa. Akamkabidhi ile kadi, aliyokuwa ameibandua kando ya kompyuta. Shabiki aliisoma hadi mwisho. Alikuwa amekwisha kuona shimo, ila miguu ilikuwa tayari ndani. Akatia sahihi.

Jumapili timu yake ikashinda, bao moja, dakika za nyongeza. Jumatatu asubuhi alikaa mbele ya kompyuta kama aliyefiwa, kisha akanyanyuka akaja mezani kwa mfasiri.

"Bi Kamusi," alisema kwa sauti ya chini, "hakuna kitenzi cha bao moja, lakini zuri?"

Bi Kamusi akamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia. "Andika 'yapenya', bosi. Halafu bao lenyewe lieleze utakavyo. Kanuni haikutaja aya."

Shabiki aliandika aya nne. Zilikuwa nzuri mno, tangu kipa alivyorusha mpira hadi wavu ulivyotikisika, na Bi Kamusi alizisoma hadi mwisho bila kutafuta kosa. Ila katika aya ya tatu mshika kibendera alikataa bao la kwanza kwa madai ya kuotea, na hapo Bi Kamusi akakwama. Akamwita Shabiki amweleze hasa kuotea ni nini. Shabiki akavuta kiti, akapanga chupa ya gundi, kalamu mbili na kikombe juu ya meza, akaanza upya mara tatu, na saa ya kupeleka kurasa mtamboni ikawapita wote wawili.